Jina Moja Ukingoni mwa Medali

Hapo zamani, Waingereza walipokuwa wakipigana Sudani, palikuwa na Kapteni Harcombe wa kikosi cha wapandafarasi. Miaka kumi na tisa aliimaliza juu ya tandiko, Uhindini, Afuganistani, kisha Sudani, na akitumwa mbele hakurudi nyuma.

Siku moja wenzake mia mbili walizingirwa jangwani. Akapewa barua ya kuomba msaada, aifikishe ngomeni Sawakini, mwendo wa siku tatu. Akaondoka na saisi wake, Feruzi, mtu wa Lamu aliyemtunzia farasi. Siku ile ile Kapteni akapigwa risasi ya paja, na farasi wake akafa. Feruzi alimsihi warudi. Kapteni akakataa katakata. Basi Feruzi akamfunga juu ya farasi aliyebaki, akashika hatamu, akatembea. Mchanga ukamchoma nyayo, akatembea. Maji yakaisha, akatembea.

Siku ya pili wakaanguka kando ya kisima cha watu waliopigana na Waingereza. Palikuwa na mwanamke pale, Amna, aliyekatazwa kumpa adui hata tone. Aliwatazama kitambo, kisha akawanywesha. Ukoo wake ukamfukuza. Barua ikafika, wale mia mbili wakaokolewa. Na jeshi lililokwenda kuwaokoa likamuua kaka yake Amna.

Kapteni akapewa medali ya fedha, jina lake limechongwa ukingoni. Alipostaafu, medali ile ikamkosesha raha. Akapanda meli hadi Sawakini, akawatafuta Feruzi na Amna, ambao walikuwa wamehamia mjini humo, mtaa kwa mtaa mpaka akawapata, akawapeleka kwa sonara. Wote wawili walimwambia aache, yameshapita. Hakuacha. Mbele ya macho yao akaamuru jina lake lifutwe kwa tupa.

"Sasa semeni," akasema. "Lichongwe la nani?"

Feruzi akaitazama fedha ile tupu. "Bwana Kapteni, wewe ulikuwa juu ya farasi. Barua ilikwenda kwa miguu yangu, na mpaka leo nachechemea. Jina langu halikuandikwa popote. Medali naitaka."

"Miguu yako ingekaukia kisimani kwangu, Feruzi," Amna akasema. "Nyinyi mlitumwa na wakubwa wenu. Mimi nani alinituma? Nilitoa maji, nikakosa kwetu, nikampoteza na kaka. Kama ni ya aliyetoa zaidi, ni yangu."

Sonara akaiweka tupa chini. Akasema yeye hamjui hata mmoja wao, lakini amesikia kwamba yupo aliyeombwa arudi, damu ikimtoka, naye akakataa. Angekubali, pasingekuwa na miguu wala maji ya kuzungumziwa. Neno hilo Kapteni alikuwa amelifikiria safari nzima melini, na kila mara akaona haya kulitamka.

Sonara akaweka patasi juu ya fedha, akangoja. Ukingo umebaki na nafasi ya jina moja tu.

Haya, nyinyi mliosikia yote: mngemwambia achonge la nani?