Kwa Nini Mawe Hukaa Tumboni mwa Chombo

Zamani ambazo hata mimi niliyekula chumvi nyingi sikuziona, chombo kilipolala upande hakikurudi. Kilikwenda mrama mara moja tu, kikapinduka, na habari yake ikaishia hapo. Watu wa kisiwa cha Shangwini wakasema bahari ina kinyongo nao. Maskini bahari, haikuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa lao, tena lilitokana na adabu. Kila nyumba ya Shangwini ilikuwa na mafiga yake matatu, mawe mazito meusi ambayo mama alimrithisha binti, na mawe hayo yaliitwa wazee. Mzee hakanyagwi. Kwa hiyo familia ilipohama, mafiga yalifungwa juu ya jukwaa la miti, karibu na nusu ya mlingoti, na watu wakakaa chini yake kwa heshima zote. Hebu fikirieni chombo chembamba, mawe kichwani na watu miguuni! Wenyewe waliona wamepanga vizuri.

Mwaka mmoja visima vya Shangwini viliingia chumvi. Ikabidi watu wahamie Mwandoni, mwendo wa siku nzima baharini. Chombo cha kwanza kikazama, na cha pili kikazama. Kikabaki kimoja, cha nahodha Shekuwe, nao waliongoja kuvushwa walikuwa wengi kuliko nafasi. Katika kundi la mwanzo alipanda Bi Mize, mwanamke mwenye mdomo mkali, pamoja na bintiye Mwanashee, aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Bi Mize alizaa watoto sita akabakiwa na huyo mmoja. Alipanda huku amemshika mkono, na hakuuachia.

Jua lilikuwa limeshapanda pale wimbi la ubavuni lilipokipiga chombo. Kikalala upande, kisha kikaganda hapo hapo, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Maji yakaanza kuingia. Mwanashee akamponyoka mama yake, akateleza hadi upande wa chini, maji yakamfika kifuani.

Shekuwe akachomoa kisu. "Nakata kamba! Mawe yaende baharini!"

Abiria wakapiga yowe. Kwao nyumba isiyo na mafiga haikuwa nyumba, na hakuna aliyetaka kufika ugenini akiwa hana kwao. Bi Mize hakupiga yowe. Alikuwa akitazama juu, akaona jinsi jukwaa lilivyokuwa likiuvuta mlingoti kuelekea majini.

"Usiwatupe," alisema. "Washushe."

"Niwashushe niwaweke wapi, mama? Huku chini tunakanyaga!"

"Basi watakanyagwa! Mwanangu yumo majini, Shekuwe, unaniuliza habari ya adabu?"

Jiwe la kwanza likashuka mkono kwa mkono, bado lina masizi ya jikoni kwa Bi Mize mwenyewe. Alilipokea, akapiga magoti ndani ya maji na kulilaza kwenye mbao za chini kabisa. "Samahani, wazee wangu," alisema, kisha akaweka mguu wake juu yake, akamfikia bintiye na kumvuta juu. Alikuwa akilia waziwazi. Wenzake walipoona hakupigwa na radi, wakaanza kushusha yao. Mafiga ya nyumba saba yakapangwa tumboni mwa chombo, na kila jiwe liliposhuka, chombo kiliinuka kidogo. Wakafua maji yaliyoingia, wakayamwaga nje kwa vifuu na kwa vilemba.

Likaja wimbi la pili. Chombo kikalala, watu wakafumba macho. Kikarudi. Likaja la tatu, kikalala zaidi, kikarudi. Babu mmoja aliyekuwa akitoa shahada kwa kila wimbi alichoka, akauliza kama kuna mwenye tende. Ndipo watu walipocheka, kicheko kile cha mtu aliyekwisha kujihesabu miongoni mwa wafu. Mwanashee alicheka mpaka akashika tumbo, na mama yake akamwambia anyamaze asije akazaa kabla ya kufika.

Walipotia nanga Mwandoni, kila mtu alikimbilia mafiga yake. Shekuwe alisimama majini hadi kiunoni, akiwatazama. "Kule Shangwini kuna watu bado," alisema. Bi Mize tayari alikuwa na jiwe begani. Akageuka, akarudi, akaliingiza chomboni, akalilaza pale alipolitoa, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Mwanashee alijifungua salama, mtoto wa kike. Uji wake wa kwanza ulipikwa juu ya mawe matatu yaliyookotwa ufukweni, yasiyo na jina wala ukoo, na Bi Mize alikoroga huku akitazama baharini. Chombo cha Shekuwe kilirudi mara nne. Katika safari zote hizo hakupotea hata mtu mmoja, na walipoteremka wa mwisho, Bi Mize aliketi mchangani akasema, "Sasa tumehama."

Na tangu siku hiyo mawe, ambayo mabaharia huyaita farumi, hutangulia kuingia chomboni kabla ya watu, na hukaa chini kabisa. Kwetu, anayepanda huyaomba radhi kabla ya kukanyaga. Nacho chombo huyumba, hulala upande, kisha hurudi. Hakijaacha kuyumba hadi leo, wala hakuna aliyewahi kukiomba kiache.