Kwa Nini Mwenye Baiskeli Hushuka Mbele ya Ng'ombe

Egemezeni baiskeli zenu ukutani kwanza, kisha mnisikilize, maana habari hii inazihusu.

Zamani, katika nchi hii ya mbuga, mwenye baiskeli hakumpisha mtu wala mnyama. Alipiga kengele, ng'ombe wakatawanyika, naye akapita kifua mbele. Baiskeli zilikuwa chache, na wenye nazo walijiona kweli kweli.

Luhende mwana wa Ng'wandu alikuwa mmoja wao. Baiskeli yake ilikuwa imekula chumvi nyingi. Fremu ilipovunjika aliichomelea, na keria aliipanua hata ikabeba magunia mawili ya mpunga. Kilichomshinda ni siti. Ngozi ilikuwa imepasuka zikabaki springi tupu, na alipofika mahali alipendelea kusimama, akisema hajachoka.

Basi siku moja Mabaka, maksai wake wa kulimia, akavunjika mguu shimoni. Luhende alisubiri kundi liende malishoni, akamchinja nyuma ya nyumba, akaifukia damu na kupafagia mahali pale. Nanyi wafugaji mnajua: ng'ombe wakikuta damu ya mwenzao hukusanyika, wakaparua udongo kwa kwato na kulia kilio kizito mpaka mtu anasikia baridi mwilini. Luhende hakutaka kilio hicho nyumbani kwake. Jioni kundi lilirudi, likamtafuta Mabaka zizini, lisimwone.

Ngozi ya mgongoni akailoweka, akaivuta juu ya chuma cha siti ingali mbichi, akaikaza kwa boliti na kuiacha ikauke kivulini. Kisha kila siku akaipaka samli kwa kiganja chake. Ikawa laini, ikang'aa, na watu wakaja kutoka vijiji vingine kuitazama.

Masika yalipokolea, mkewe Kabula akashikwa na uchungu wa mimba yao ya kwanza. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na mkunga akasema wawahi zahanati ng'ambo ya mto, la sivyo watawakosa wote wawili. Luhende akampakia mkewe kwenye keria, akakanyaga pedali kwa nguvu zake zote.

Kwenye kivuko akakuta kundi lake mwenyewe limeziba njia. Akapiga kengele, hakuna aliyesogea. Ng'ombe walinyoosha shingo, wakanusa, kisha wakawazunguka, na kilio kikaanza. Ndugu zangu, kilio kile kilipanda kutoka ardhini! Luhende aliwapiga kwa fimbo, akawatukana, mwisho akawasihi. Hawakumtazama yeye. Walitazama alichokalia.

Kabula alikuwa ameishiwa sauti, lakini alisema.

"Shuka, mume wangu. Umemkalia maiti wao, na hawajamlilia."

Luhende akashuka. Alishika usukani, akainamisha kichwa. Ng'ombe mzee aliyemzaa Mabaka akasogea, akairamba siti ile polepole, toka nyuma hadi mbele, kama anavyorambwa ndama aliyezaliwa sasa hivi. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, kila mmoja akiramba na kuondoka. Kilio kilikoma. Kabula alisema baadaye kwamba hata uchungu wake ulitulia muda wote ule. Alipoondoka wa mwisho, njia ikawa wazi, wakavuka.

Mtoto alizaliwa mzima, na mama yake akapona. Mimi nimeisimulia habari hii miaka mingi, na bado mwili unanisisimka.

Na tangu siku hiyo, mwenye baiskeli wa mbuga hii akikutana na ng'ombe hushuka, akasimama kando na kuinamisha kichwa. Hata mwenye siti ya plastiki hushuka. Wageni hutucheka, wakasema tunaogopa pembe. Waacheni waseme. Sisi tunawapisha wafiwa.