Mtamba wa Bibi Holo

Sogeeni, na kila mmoja aje na kauli yake, kwa sababu hadithi hii imenishinda kuihukumu. Mimi nitaisimulia tu.

Katika jiji la Mwanza, mlimani, ambako nyumba zimekaa juu ya majabali kama kuku juu ya mayai, waliishi watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Mwalimu Kokusima alikuwa na kipaji cha kupima kabla ya kununua. Walimu wenzake walipokuwa wakinunua magari marefu yenye vioo vyeusi, yeye alinunua kigari cha silinda tatu, kifupi kiasi kwamba watoto wa mtaani walikiita Kiatu. Jirani yake, Mzee Lutonja, ambaye gari lake kubwa lililala bondeni kwa sababu halikuweza kupenya vichochoro vya kule juu, hakuchoka kumtania. "Mwalimu, hicho kikiharibika si unakivaa tu mguuni?"

Kokusima alikuwa na jibu lake. "Mzee wangu, lako linakunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka machungani, na usiku linalala kwa watu. Changu kinalamba tu, na kinalala mlangoni kwangu. Sikununua gari la kutazamwa, nilinunua la kunifikisha."

Nyabise alikuwa na kipaji cha njia. Kwa miaka ishirini alipita na beseni la vitumbua kichwani, mpaka akajua kichochoro kipi kinapitisha beseni na kipi kinakuvua beseni. Alijua pia nani amekaa wapi, anaitwa nani, na mtoto wake amepona homa au bado.

Fundi Bwire alikuwa na kipaji cha sikio. Akiwa amelala chini ya gari moja gerejini kwake, pale mlima unapoishia, aliweza kukuambia ugonjwa wa gari jingine linalopita barabarani.

Na alikuwepo Bibi Holo, ambaye mambo haya yalimkuta. Alitoka Misungwi kuja kumlea mjukuu wake, Milembe, mtoto wa miaka minane aliyefiwa na mama. Mali yake yote aliyobakiza kijijini ilikuwa ng'ombe mmoja, mtamba mwekundu, aliyemwacha kwa kaka yake, Shija.

Ilikuwa Alhamisi mchana, siku ya tano jiji halina petroli, na mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika. Mpira wa Milembe uliingia kwenye ufa kati ya mawe mawili. Akapeleka mkono kuutafuta. Ndani mlikuwa na nyoka, swila.

Bibi Holo alisikia ukelele mmoja tu. Alipofika, mtoto alikuwa amekaa chini, ameshika kifundo cha mkono, anamtazama bibi yake kana kwamba ndiye mwenye kosa. Majirani wakajaa. Mmoja akataka kuchanja, mwingine akataka kufunga kamba. Bibi akawasukuma wote. "Msimguse! Hospitali!"

Lakini kwa usafiri gani? Pikipiki zote zilikuwa zimepanga foleni kituo cha mafuta. Gari la Mzee Lutonja lilikuwa kavu kama kibuyu cha mwaka jana, na mzee mwenyewe alisimama pale akikunja kofia yake mkononi. Kope za mtoto zikaanza kulegea. Hapo ndipo Bibi Holo aliponyanyua mikono yote miwili.

"Atakayemfikisha mjukuu wangu hospitali akiwa hai, mtamba wangu ni wake! Mungu ananisikia na ninyi mnanisikia!"

Nyabise alikuwa amesimama hapohapo, beseni kichwani. Alisikia.

Mwalimu Kokusima hakusikia. Alikuwa nyumbani kwake akipiga pasi gauni. Kesho yake asubuhi alitakiwa Magu kwenye usaili wa ukuu wa shule, cheo alichokisubiri miaka tisa, na tone la mwisho la petroli alikuwa amelitunza kwa ajili hiyo. Alipoambiwa, aliutazama mshale wa mafuta mara moja tu.

"Mwingizeni nyuma. Bibi, mpakate, mkono wake usitikisike."

Kigari kikageuza pale pale mlangoni, mahali ambapo gari jingine lingehitaji uwanja, kikashuka. Bibi alikirudia kiapo chake humo ndani, magurudumu yakiwa yameshazunguka. Mwalimu alikuwa akitazama njia.

Chini wakakuta barabara imefungwa. Foleni ya mafuta ilikuwa imelala pande zote mbili, malori kwa mabasi, hakuna wa kusogea. Kokusima akapiga honi, akapiga tena, akaweka paji la uso kwenye usukani.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Alikuwa Nyabise, anahema, kichwani hana kitu. Beseni alikuwa amelitupa kule juu, vitumbua vya siku nzima vimemwagika topeni.

"Rudi nyuma kidogo, Mwalimu. Kata kushoto, pale penye mashine ya kusaga."

"Pale gari halipiti!"

"Gari halipiti. Hiki kitapita. Kunja vioo vya pembeni."

Nyabise akatangulia kwa miguu, anaita watu kwa majina yao. "Mama Gaudensia, toa jiko! Baba Saguda, inua meza, kuna mgonjwa! Nani kaacha ndoo hapa?" Na kwa sababu aliyeita alikuwa Nyabise, watu waliinuka bila kuuliza. Mahali pamoja, kati ya ukuta na jabali ilibaki nafasi ya kiganja kila upande. Bibi Holo alifumba macho. Alipoyafumbua, walikuwa wametokea upande wa pili.

Wakakutana na dimbwi. Kigari kikapita, kikakohoa, kikaanza kutetemeka kama mtu mwenye malaria. Kilitembea, lakini nguvu ilikuwa imekwisha, na hospitali ilikuwa juu ya mlima mwingine.

Upande wa pili wa barabara Fundi Bwire akainua kichwa kabla hata hajakiona. "Silinda ya kati imelala," alisema. "Koili yake ya kutoa cheche imekufa."

Gerejini alikuwa na kigari cha aina ileile, cha mteja aliyekuwa akija kukichukua saa kumi. Kokusima aliposimama mlangoni, Bwire alimwona mtoto kwenye kioo. Hakuuliza ni wa nani, wala hakujua habari ya mtamba. Akafungua boneti ya kigari cha mteja, akazungusha spana namba kumi, akachomoa koili, akaihamishia kwa Kokusima. Injini ikatulia.

"Nenda!"

Wakaupanda mlima wa hospitali. Daktari alimpokea Milembe akiwa tayari anapumua kwa taabu, akamchoma dawa ya sumu ya nyoka. Baadaye akamwambia bibi, "Mngechelewa dakika kumi tu, mama, ningekuwa nakupa pole."

Siku ya nne Milembe alirudi nyumbani, akaulizia mpira wake.

Kokusima hakufika Magu. Cheo kilichukuliwa na mwingine. Nyabise alikaa wiki nzima bila mtaji wa unga. Mteja wa Bwire alikuta gari lake halina koili, akapayuka, akaondoka na wateja wengine wawili, na hawajarudi tena.

Jumapili ya wiki ya pili Bibi Holo aliwaita wote watatu. Kwa dakika chache walikuwa waungwana. "Bibi, tulisaidia tu." "Bibi, usihangaike." Kisha Fundi Bwire akasema ukweli.

"Bibi, nisamehe. Mimi namtaka mtamba. Bila mimi mngelala pale dimbwini. Na mimi ndiye niliyetenda bila kujua kuna zawadi."

"Kwako wangefikaje, Fundi?" Nyabise akadakia. "Ni kweli, mimi nilisikia kiapo. Kwani aliyesikia akatenda ana kosa gani? Wangapi walisikia wakabaki kukunja kofia?"

Mwalimu Kokusima akaingia kati. "Wote mnasema kweli. Lakini njia ya Nyabise isingepitisha gari la mtu mwingine yeyote, na mafuta yale yasingelifikisha gari jingine popote. Miaka minne nimechekwa kwa ajili ya kile kigari."

"Ulikinunua kwa faida yako, Mwalimu, siyo ya Milembe," Bwire akasema.

"Na mafuta niliyoyamaliza, yalikuwa faida ya nani?"

"Hapo umenishika, Mwalimu," Bwire akakiri.

Shija, aliyemleta mtamba kutoka Misungwi, akashauri, "Dada, muuze, wagawane."

Bibi Holo akakataa. "Nilisema mtamba, sikusema fedha. Na nilisema *ni wake*, sikusema *ni wao*. Kiapo hakitafsiriwi na aliyeapa baada ya shida kupita."

Basi mpaka leo mtamba yuko pale mlimani, amefungwa kwenye jabali, anakula majani anayoletewa na watu watatu kwa zamu, kila mmoja akimpapasa kama wake. Tumbo limeanza kuonekana. Bibi Holo anasema lazima aamue kabla hajazaa.

Ninyi mmesikia yote. Yupo aliyechagua kigari kidogo wakati watu wakicheka, yupo aliyejua pa kukipitisha, na yupo aliyekisikia kikiugua. Mngekuwa ninyi Bibi Holo, kamba mngemkabidhi nani?