Wino Mwekundu kwenye Kadi ya Pacha

Wapendwa, leo kabla ya somo naomba tuongozane hospitali. Msishtuke. Tutarudi wote, tena mapema, kabla wale mnaowaza sufuria mlizoacha jikoni hamjaanza kutazama saa.

Kulikuwa na mama wawili mapacha, Kurwa na Doto. Nawaita hivyo kwa sababu mji mzima uliwaita hivyo. Majina yao ya ubatizo nadhani hata mchungaji wao ilimbidi afungue kitabu. Walikuwa na miaka arobaini na sita, mafundi cherehani wote wawili. Ukipita barazani kwao ungewakuta bega kwa bega, kila mmoja na cherehani yake ya miguu, wamevaa magauni ya kitambaa kimoja na mshono mmoja. Mteja alipimwa na huyu, kesho akaja kumgombeza yule kwa nini gauni linabana. Nao walicheka tu, maana walishazoea.

Walifanana kwa kila jambo isipokuwa moja. Kurwa alikuwa na wino mwekundu.

Ilisemekana kwamba walipokuwa na miaka mitano, Kurwa alichomwa sindano ya penisilini akavimba, akakosa pumzi, nusura afe. Nesi wa zahanati akachukua kadi yake na kuandika kwa wino mwekundu: ASIPEWE PENISILINI. Tangu siku hiyo neno lile halikumwacha. Kadi ilipochakaa, lilinakiliwa kwenye mpya. Daftari lilipojaa, liliandikwa kwenye jingine. Na aliyelisimamia kuliko mtu yeyote hakuwa Kurwa mwenyewe. Alikuwa Doto.

Doto alimpenda sana pacha wake, tusimwonee. Kurwa akiugua, Doto alifunga cherehani na kwenda naye. Lakini ndani ya upendo ule kulikuwa na kiburi kidogo, kama chumvi iliyozidi kwenye mchuzi. "Mwenzangu si mzima kama mimi," aliwaambia watu kwenye foleni. "Mimi kadi yangu nyeupe pe. Tangu utoto, zaidi ya dawa ya malaria na ya kichwa, sijui dawa." Naye Kurwa alikuwa akiinamisha uso, maana kweli alijiona ndiye mbovu katika wawili.

Basi ukaja mwaka ambao mguu wa kulia wa Kurwa ulianza kuvimba. Ulikuwa mwekundu, wa moto, na homa juu yake. Ukipona, unarudi baada ya mwezi. Na mguu wa kulia, mafundi mliomo humu mnajua, ndio unaokanyaga cherehani. Dawa iliyofaa zaidi ilikuwa ileile ya penisilini. Kwa kuwa imekatazwa, alipewa nyingine na nyingine, zikamvuruga tumbo, na mguu ukarudi kuvimba vilevile. Baraza likawa na mlio wa cherehani moja. Kurwa alikaa pembeni akikata nyuzi, na usiombe kumwona fundi aliyezoea kukanyaga akikata nyuzi.

Wakaandikiwa kwenda hospitali kubwa. Asubuhi ya safari Doto naye hakuwa sawa, jino lilikuwa likimpiga tangu juzi na shavu limeanza kujaa. Lakini nani ana nafasi ya kusikiliza jino la msindikizaji? Alipitia duka la dawa, akanunua vidonge, akavitia kwenye mkoba. Alipanga kumeza akishakula.

Daktari waliyemkuta alikuwa binti mdogo tu, umri wa kuzaliwa na wao. Akawaamkia, "Shikamooni mama zangu." Wakaitikia. Akafungua daftari, akaona wino mwekundu, akauliza, "Mama, hii dawa ilikufanya nini?"

"Ilimvimbisha," akajibu Doto.

Daktari akatabasamu. "Namuuliza mgonjwa, mama."

Kurwa akasema taratibu, "Mwanangu, mimi naambiwa tu. Mwenyewe nakumbuka kidogo sana. Nakumbuka bibi alitupeleka zahanati siku tatu mfululizo, tukichomwa. Na hiyo siku ya tatu nakumbuka nimekaa kwenye benchi, kuna kelele ndani, na mimi nakula ndizi. Nesi alinipa ndizi ninyamaze."

"Uliila ikaisha?"

"Nikaomba na nyingine."

Hapo kalamu ya daktari ikasimama. Ninyi mnaonisikiliza, hamjasimama? Koo lililoziba hata pumzi haipiti, linamezaje ndizi mbili?

"Bibi aliwapeleka wote wawili," akasema daktari. "Wote mlikuwa mnaumwa?"

"Mimi ndiye niliyekuwa na homa," akasema Kurwa. "Doto alikuwa mzima. Lakini si unajua, daktari, mapacha. Analofanyiwa mmoja, na mwenziwe afanyiwe, la sivyo naye ataugua. Bibi aligoma kuondoka mpaka Doto naye achomwe."

Wazee mnatikisa vichwa. Mnaijua hiyo. Pacha mmoja akinyolewa, na mwingine ananyolewa. Mmoja akinywa dawa, mwingine naye analambishwa kijiko, hata kama anacheza uani hana habari.

Doto akaona mazungumzo yanamponyoka, naye hiyo habari ndiyo aliyokuwa akiisimulia miaka yote. "Daktari, muulize anayekumbuka! Mimi nakumbuka kila kitu. Hazikupita hata dakika kumi. Viganja vikaanza kuwasha. Midomo ikawa mizito. Koo likabana, ukivuta hewa haiji. Nesi akapiga yowe. Sauti ya bibi ilikuwa ikisikika kwa mbali, 'Pacha wangu! Pacha wangu!' Na lile giza..."

"Giza lipi, mama?"

"Mle ndani. Kulikuwa na giza, huoni mtu."

"Mlikwenda saa ngapi?"

"Saa nne, baada ya uji."

Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza kwa upole, kama mtu anayemwamsha mwenziwe bila kumshtua, "Mama, hilo giza la saa nne asubuhi lilitoka wapi?"

Doto akapeleka vidole kwenye kope zake, akazigusa, ya kulia na ya kushoto. Kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na moja akakumbuka jinsi zilivyokuwa nzito, jinsi alivyotaka kuzifungua zikakataa. Giza halikuwa zahanati. Macho yake ndiyo yaliyokuwa yamevimba.

"Ni mimi," akasema.

Ilikuwaje? Wala si ajabu. Mama yao alikuwa safarini. Bibi hakujua kusoma, na hata yeye aliwaita wote "pacha" kwa kuwa hakuwatofautisha. Nesi, kwa haraka na hofu, mbele yake watoto wawili wenye gauni moja na kadi mbili mezani, akaandika kwenye ya juu. Mama aliporudi uvimbe ulikuwa umekwisha. Akasoma kadi, akaamini. Na mtoto wa miaka mitano akiambiwa kila siku, "Mwenzako alivimba," mwishowe naye husimulia hivyohivyo.

"Kumbe miaka yote hii," akasema Doto, na machozi yakaanza, "nimekuwa nikimkinga mwenzangu na kifo changu mimi."

Subirini, hatujamaliza. Daktari alikuwa akimtazama shavu. "Na wewe mama, hilo shavu limefanya nini?"

"Aa, mimi sina tatizo, mwanangu. Ni jino tu. Dawa nimeshanunua, ninayo kwenye mkoba."

"Naomba niione."

Akafungua mkoba, akatoa vidonge, akamkabidhi. Daktari akasoma nyuma ya karatasi, akavuta pumzi. Ilikuwa amoksilini. Wapendwa, amoksilini na penisilini ni ukoo mmoja. Ni ndugu wa tumbo moja, kama wale waliokuwa wamekaa pale mbele yake. Doto alikuwa amelinda kadi ya nduguye miaka arobaini, kumbe asubuhi ile alipanda basi na kifo chake mwenyewe mkobani, na chupa ya maji pembeni.

Daktari akavifungia vile vidonge kwenye droo. "Mama, huenda mwili wako umeshasahau, wengine husahau. Lakini hatutabahatisha, wala hutajijaribu nyumbani. Jino tutalitibu kwa dawa nyingine leo. Hili lako la penisilini tutalipima siku yake, kwa utaratibu." Kisha akamgeukia Kurwa. Hakumwambia tu, "Nenda, kunywa." Alimchoma tone dogo sana kwenye ngozi ya mkono, akasubiri. Hakikutokea kitu. Akampa chembe ya dawa, akamkalisha kwenye benchi, na sindano ya kuokoa maisha ikiwa tayari mezani. Akaongeza kidogo, akasubiri tena. Saa ikapita, na nyingine. Unajua Kurwa alikuwa akifanya nini pale kwenye benchi? Alikuwa akila ndizi. Doto alimnunulia getini, na safari hii alimnunulia mbili bila kuombwa.

Yule daktari akachukua kalamu akakata neno jekundu kwenye daftari la Kurwa, akatia sahihi na tarehe. Kisha akaomba daftari la Doto, lile jeupe pe, akafungua ukurasa wa kwanza na kuandika kwa wino mwekundu. Doto akalipokea kwa mikono miwili. Kurwa akamshika bega, akamwambia, "Usilie, mwenzangu. Siku ya kipimo mimi ndiye nitakayekusindikiza." Wakacheka mpaka watu wa foleni wakageuka. Baada ya miezi miwili, aliyepita barazani kwao alisikia cherehani mbili.

Sasa turudi kanisani.

Mwanzoni, niliposema Doto ana kiburi kidogo, kuna watu humu walitazamana. Niliwaona. Kila mmoja alikuwa na Doto wake akilini. Na hata sasa kuna mama anasema moyoni, "Laiti mume wangu angekuja leo asikie." Kuna baba anasema, "Hili ni la shemeji." Ndugu yangu, hilo ndilo jino lako linaloanza kuuma.

Maana sisi wengi tumekuja hapa kama wasindikizaji. Tumekuja na kadi nyeupe, tumemshika mkono yule ambaye mtaa mzima unajua ana wino mwekundu: yule mlevi, yule binti aliyezalia nyumbani, yule kijana aliyetoka gerezani. Tukiulizwa swali, tunamjibia. Tunajua habari zake hadi saa na dakika. Lakini je, umewahi kujiuliza kwa nini unazijua dhambi za mwenzako kwa undani hivyo? Umejuaje jinsi wivu unavyobana koo? Hasira inavyofumba macho, ukaijuaje, kama kweli ulikuwa umesimama kando tu ukitazama?

Kadi ya Doto ilikuwa nyeupe kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Zetu ni vivyo hivyo. Hatukuwa wazima kuliko wengine, tulikuwa hatujapimwa. Na yule tuliyemwandika kwa wino mwekundu miaka arobaini, pengine alikuwa amekaa kwenye benchi akila ndizi yake, hana kosa, anainamisha uso kwa neno tulilomwandikia sisi.

Lakini sikuwaleta huku kuwatisha. Tazameni alivyofanya daktari yule. Hakumfukuza Doto wala hakumcheka. Alimuuliza habari za shavu lake, akavitoa vile vidonge mkononi mwake kabla hajavimeza. Mungu wetu ndivyo alivyo. Ukija kumlalamikia nduguyo, atakusikiliza mpaka mwisho, halafu atakutazama usoni na kukuuliza, "Na wewe, mwanangu, shavu limefanya nini?"

Leo tutaomba kimya. Asiombewe mume, wala mke, wala jirani, hao nao wana siku yao. Dakika hizi tatu kila mmoja afungue mkoba wake mwenyewe, atoe kile alichopanga kumeza akifika nyumbani, akiweke mkononi mwa Daktari.

Tusimame.