Takbira Iliyongojewa

Waumini, nipeni masikio kidogo. Palikuwa na fundi mmoja wa programu za kompyuta. Alitengeneza programu ya kupeleka sauti ya imamu kwenye ukumbi wa wanawake, ghorofa ya juu, wasikomwona imamu. Na kwa kuwa alitaka kila swala ibaki kama kumbukumbu, aliiagiza programu yake hivi: kila sauti inayoingia, ihifadhi kwanza, ndipo uipeleke juu.

Mwenzake aliyeikagua kazi hiyo alimkanya. Njia ya sauti, alisema, isingojee chochote. Kuhifadhi kufanyike pembeni, kuchelewe kutakavyo.

Fundi akacheka. "Ni kufumba na kufumbua tu. Wewe bwana, ungekuwa daktari ungewalaza wodini hata wenye mafua."

"Siku za kawaida, sawa. Mimi naulizia siku mbaya."

Siku mbaya ikaja Ijumaa, msikiti umefurika. Katika sijda ya mwisho, kifaa cha kuhifadhia kikaelemewa, na sauti ikasimama kukingoja. Chini, imamu akatoa takbira, wanaume wakaketi. Juu, kimya. Wanawake wakangoja. Mmoja akainua kichwa, wengine wakachungulia, wakaketi wenyewe.

Isipokuwa mmoja: mama yake fundi, asiyeona, aliyeifuata swala kwa masikio tu. Alibaki paji la uso likiwa sakafuni, mpaka jirani alipomgusa bega. "Shoga, watu wameshatoa salamu."

Fundi aliposikia habari hiyo, alitoa simu yake. Akaifungua rekodi, akaisikiliza, akashusha pumzi. Akapanda juu, akamshikia mama yake simu sikioni.

"Sikiliza, mama. Takbira zote zimo. Hakuna hata moja iliyopotea."

Mama akasikiliza mpaka mwisho, kwa utulivu.

"Imo, mwanangu, na ni safi. Ila mimi nilikuwa kwenye sijda, naingoja."

Waumini, je, sisi? Si tunayo maneno mema, tumeyatunza vifuani, hayana kasoro? Samahani tunayo. Shukrani tunayo. Tunasema, ngoja kwanza hasira ipoe, ngoja kwanza mambo yatulie. Na ni kweli, neno halijapotea. Lakini tumewahi kuuliza aliyelihitaji yuko katika hali gani? Neno jema lina wakati wake, na likiupita wakati huo hubaki kuwa rekodi tu.

Yupo mtu ameinama sasa hivi, hawezi kuinuka mpaka asikie sauti yako. Unamjua. Usingoje hata nimalize.