Kuku wa Sultani Waliofukizwa Udi

Hapo zamani, katika mji wa Shangamwe, alikuwapo Sultani aitwaye Badrani, naye alikuwa na kuku kumi na wawili weupe aliopewa zawadi na sultani mwenzake wa ng'ambo. Kwa kuwapenda, akawafungia katika ua wa ndani wa jumba lake, ulioezekwa anga tupu na kusakafiwa mawe laini ukuta hadi ukuta. Kila alfajiri watumishi waliufagia hata usionekane unyoya wala jani la mkomamanga wa bustani uliochungulia juu ya ukuta, na kila Alhamisi kuku walioshwa miguu, wakanyunyiziwa marashi, kisha wakafukizwa udi kama maharusi.

Basi ikawa kuku hawatagi. Walisimama juu ya mawe wakitazamana, na kwa kukosa la kufanya wakaanza kunyonyoana, hata wengine wakabaki mgongo wazi. Kivuli cha mwewe kikipita, hawana pa kujificha. Hurundikana pembeni wakitetemeka. Utitiri nao uliwajaa, maana marashi hayaui utitiri.

Nyuma ya ukuta wa jumba lile alikaa mwanamke fukara, Mwanashehe, katika kibanda cha udongo na makuti. Watu walimdhania punguani kwa kuwa alizungumza na kuku wake watano wa kienyeji, ambao walitaga kila mahali, hata ndani ya kapu lake la nguo. Sultani aliwasikia wakitetea kila asubuhi, na moyo ukamwuma. Zikabaki siku arubaini Idi ifike, na yule sultani wa ng'ambo alikwisha kuandika kwamba atakuja kufungua kinywa kwa mayai ya kuku aliowatoa. Badrani akaagiza Mwanashehe aletwe.

Njia nzima Mwanashehe alijiuliza ni kuku wake yupi aliyevuka ukuta. Alipofikishwa uani akachuchumaa, akainua bawa la kuku mmoja, akalichungulia kwa makini, akasema kuku huyu haumwi, ila amechoka kuwa mgeni.

"Niruhusu niwachukue kwangu, Maulana, hata kwa mwezi mmoja."

Sultani akaona ametukanwa. Kuku wa jumbani wakachakure jaani?

"Nisikilize, bibi wee. Kuku hawa hawatatoka nje ya ukuta wangu. Wala wewe hutaingiza humu udongo, wala jani, wala mdudu, wala taka ya namna yoyote. Hapa si shamba. Nami siku ya Idi nataka mayai, na nataka niwasikie wakitetea kama wako. Usipoweza, au ukivunja neno langu moja, kibanda chako kitabomolewa, nawe utahama mji huu."

Mwanashehe alizaliwa katika kibanda kile, na hakuwa na pengine pa kwenda. Akayahesabu yale makatazo kwa vidole, moja moja, akarudia tena kuyahesabu, mpaka Waziri akacheka chini kwa chini. Kisha akaomba mambo mawili: watumishi wa jikoni wampe kila wanachotupa, na asiingie mtu uani mpaka siku ya Idi, awe mfagiaji au mwosha miguu au Maulana mwenyewe. Sultani akakubali, akala kiapo.

Kesho yake akaja na mtaimbo. Walinzi wakamkung'uta kanga, wakamchungulia hata kucha, wasione chembe ya mchanga. Akaingia, akachomeka mtaimbo chini ya jiwe la pembeni, akalibetua. Chini yake palikuwa na udongo mweusi wenye unyevu. Kabla hajanyoosha mgongo, kuku mmoja alikwisha kunyakua nyungunyungu na kutimua mbio, na wale kumi na mmoja nyuma yake, wakauzunguka ua mzima. Tangu waletwe Shangamwe hawakuwa wamekimbia hivyo. Mwanashehe akacheka peke yake, akaligeukia jiwe la pili.

Asubuhi ya Idi Sultani alitoka msikitini akaja moja kwa moja, na Waziri nyuma yake. Akafungua mlango, akaduwaa. Mawe yake yalikuwa yamepangwa ukutani. Mahali pa mawe palikuwa na udongo, na juu ya udongo majani makavu ya mkomamanga, yakichakurwa pande zote. Vyungu vya asumini vilishushwa kutoka roshanini vikasongamana kama kichaka, na kitanda kibovu cha jikoni kiliegemezwa kuwa kitulio cha kuku, na mbele yake shimo la majivu.

"Nilikukataza kuingiza udongo," Sultani akasema.

"Sikuingiza, Maulana. Ulikuwamo kabla ya mawe."

"Na majani haya?"

"Yameangushwa na mkomamanga wako. Hapo awali yalitolewa kila alfajiri. Mimi sikuyatoa."

Akaulizwa yale majivu ya kuogea kuku. Akajibu ni ya jikoni kwa Sultani, hayakupita langoni. Akaulizwa wadudu.

"Hao sijui nani kawaalika, Maulana. Waulize walinzi wako, mimi walinikung'uta."

Waziri akasema ua wa mababu umeharibiwa, na neno la Sultani ni kibanda kibomolewe. Sultani alikuwa akimtazama kuku mmoja aliyejigaragaza majivuni miguuni pake. Kuku yule akasimama, akajikung'uta, na joho jeupe la Idi likawa la kijivu hadi kifuani. Papo hapo mwingine akatoka chini ya asumini akitetea kwa majivuno, na alipotoka pakaonekana mayai saba. Sultani akajitazama joho, akayatazama mayai, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Waziri kasema kweli," akasema. "Kibanda kibomolewe leo hii."

Mwanashehe akageuka kwenda kukusanya vyombo vyake.

"Kisha kijengwe upya kwa mawe haya, na yatakayobaki yawe sakafu. Humu hayana kazi tena."

Ikawa hivyo, na sultani wa ng'ambo akafungua kinywa kwa mayai yale. Mwanashehe akakaa katika nyumba ya mawe iliyong'aa ndani na nje. Lakini wale kuku wake watano walipoingia siku ya kwanza wakaisikia sakafu ile chini ya kucha zao, walitoka mmoja mmoja, wakapita langoni mbele ya walinzi, wakahamia kwa Sultani, na hawakurudi.