Kwa Nini Nyuki wa Nkoasari Huambiwa Msiba

Zamani, ukungu ulipokuwa ukishuka mlimani na kukaa nasi hadi saa nne bila kukaribishwa, nyuki wa Nkoasari hawakuwa wakiambiwa habari za mtu. Walikuwa nyuki tu, kama wa kwenu.

Kisha wakaja Wapolandi. Vita Kuu ya Pili iliwang'oa kwao, ikawazungusha dunia, ikawashusha hapa migombani wakiwa na makoti mazito juani. Ilipokwisha, wakaondoka tena, wengine Uingereza, wengine Australia. Akabaki Kazimierz peke yake kwa sababu ya Ndeshi, binti wa hapa hapa, na asikudanganye mtu kwamba ilikuwa ni hali ya hewa. Akamwoa, akatengeneza mizinga kumi na miwili ya mbao, akaipaka rangi ya samawati. Kila asubuhi alizungumza na nyuki kwa Kipolandi, maana hapakuwa na mwingine wa kukisikia.

Kazimierz akafariki msimu wa maua ya kahawa. Watu wakazika, wakalia, wakala. Siku ya tatu nyuki wakatoka mizinga yote kwa pamoja, wakaning'inia kwenye mti ulio juu ya kaburi, tayari kuhama. Halina, binti yake wa pekee, akasimama chini yao. Baba alikuwa amekwisha kumpoteza. Nyuki nao wakienda, hapangebaki chochote kilichoizoea sauti yake ya asubuhi.

Ndeshi akakumbuka jambo. Barua ya kifo cha mama mkwe ilipofika kutoka Polandi, mumewe aligonga kila mzinga mara tatu na kutoa habari, kwani kwao nyuki wasipoambiwa msiba hujiona wametengwa, wakaondoka. Akamtuma binti yake akawaambie.

"Kipolandi sikijui, mama," Halina akasema. "Baba alinifundisha kuhesabu tu."

"Kwani unamlilia kwa lugha gani? Waambie hivyo hivyo."

Akagonga mzinga wa kwanza. "Baba amefariki. Mmebaki na mimi." Alipofika wa kumi na mbili sauti ilikuwa imekwisha, akaegemeza paji la uso kwenye mbao. Nyuki wakashuka polepole, wakapita katikati ya nywele zake, wakaingia ndani.

Na tangu siku hiyo, mtu akitutoka Nkoasari, nyuki huambiwa kabla ya ukoo, tena kwa Kiswahili. Mwaka jana niligonga mimi. Nilikusudia kusema Halina binti Kazimierz amefariki, kama inavyompasa mtu mzima mwenye mvi. Nikajikuta nasema, "Mama hayupo."